Mwaka wa Ng'ombe Elfu

Tulimzika Elia mwezi uliopita, huko milimani juu ya Kilosa, kwenye udongo mwekundu ulioshikamana na viatu vyetu hadi tukarudi tumekuwa warefu. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akaimba kwaya, akaoa, akalima maharage, akawa mzee wa kanisa; na ujanani alipoteza jicho moja kwa ajali. Nilikuwa nimeketi na wanawake, kanga kichwani, na neno lile la mwisho likanichoma kama mwiba wa samaki. Baada ya mazishi Rajabu alinifuata karibu na masufuria, akitembelea fimbo, tumbo limemshinda. Ukimwona leo huwezi kuamini kwamba wasichana wa Mikumi walikuwa wakilipigia kelele jina lake. Hakunisalimu hata. Alisema, "Fundi, umesikia? Ajali." Nikamwambia nimesikia. Akatazama bonde lote lililokuwa chini yetu, mpaka kule ambako Rudewa ilikuwa imefunikwa na ukungu, akasema, "Wewe una mkono wa kuandika. Sisi tukifa, itabaki ajali tu."

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Mikumi, kwenye nyumba yenye ua wa ndani, nyuma ya barabara kuu ambako malori hayakulala. Kazi yangu ilikuwa cherehani. Vyumba viwili vya mbele yangu vilikuwa vya kikundi cha mieleka, na kuta za nyumba ile hazikufika juu. Ziliishia kwenye boriti, kwa hiyo kikohozi cha mmoja kilikuwa cha wote. Uani waliweka godoro lao la mazoezi, magunia ya pumba za mpunga yaliyoshonwa pamoja, na mimi ndiye niliyeyashona. Ua mzima ulinuka pumba, jasho na mafuta ya nazi. Asubuhi niliamshwa na sauti ya migongo: pu, kimya, pu. Kabla ya hapo nilikuwa shabiki wa kwenye kibanda cha video tu, nikiangalia kanda za Wamarekani wenye misuli kama mizizi ya mkuyu, peke yangu miongoni mwa wanaume waliokuwa wakijiuliza nimefuata nini. Nilifuata mieleka. Najua watu huidharau, husema ni uongo. Mtu anayesema hivyo hajawahi kuangukia mbao kwa mgongo.

Basi nikaanza kuwa na maoni, na maoni yangu sijayabadilisha. Mwanamieleka mbovu humuumiza mwenzake. Aliye hodari humfanya mwenzake aonekane ameumia, kisha wakala ugali pamoja. Rajabu, aliyejiita Chuma cha Reli, ndiye aliyekuwa steringi wetu, yule shujaa wa kushinda, na alikuwa mbovu. Kifua alikuwa nacho, lakini alirusha teke kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Hamisi Kiboko alikuwa mzito, ila alijua kusubiri, na kusubiri ni nusu ya mchezo. Mtazamaji hushtuka kwa kile alichokingoja. Elia alikuwa kitu kingine kabisa. Kijana mwembamba wa milimani, sauti ya chini, Mwanglikana aliyeombea hata uji. Akiwa ulingoni alicheza adui, na alianguka kwa namna ambayo sijaiona tena kwenye kanda wala kwenye runinga: polepole kwanza, kana kwamba hataki kuamini, halafu ghafla mwili wote. Ukimtazama, uliona kwamba ameshindwa jambo kubwa kuliko pambano. Wakati huo adui aliyemcheza alikuwa jini lenye barakoa ya gunia. Watoto walilia kwa furaha kuliona.

Meneja wetu alikuwa Kondo, mtu wa makamo ambaye hakupata kupigana hata na mbwa, lakini ukimpa kipaza sauti angeweza kukuuzia kivuli chako. Yeye ndiye aliyeona kwamba watu wameanza kulichoka jini. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Majani yaliisha, mifugo ikafuata maji mabondeni, na mabondeni ndiko kulikokuwa na mashamba ya watu. Kila aliyeshuka kwenye basi alikuja na habari. Mama mmoja aliyetuletea mboga uani alisimulia kwamba huko Rudewa ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya watu, mwenye shamba amevunjwa taya kwa fimbo, na kijana wa kifugaji amekatwa panga mkononi. Alisimulia akipima matembele kwa mafungu, bila kuinua sauti. Kondo aliacha kutafuna. Nilimwona. Jioni ile, tukiwa tumezunguka sinia la ugali na dagaa, akasema, "Jini limekufa. Adui mpya nimempata. Anaitwa Ng'ombe Elfu."

"Ni nani huyo?" Hamisi akauliza.

"Mfugaji. Tajiri wa ng'ombe, ana dharau, anaingiza mifugo kwenye shamba la mjane. Chuma cha Reli anamtoa mbio."

Elia alinawa mkono mmoja, akaukausha kwenye suruali. "Meneja, huo ni moto."

"Moto ndio unaopika, mwanangu."

"Hata nyumba huungua kwa moto huo huo."

Kondo akacheka, na Rajabu akacheka kwa sababu Kondo amecheka. Baadaye, juu ya ukuta, nilimsikia Elia akimwambia Hamisi kwamba ataikubali kazi ile, ila mtu huyo atamfanya wa kuchekesha, ili watu wacheke na kurudi nyumbani wepesi. Aliamini angeweza. Mtu mwenye kipaji huamini kipaji chake kitatii. Mimi nilishona shuka jekundu, nikasuka nywele ndefu za uzi, na Kondo akaleta kengele ya ng'ombe ya kuning'iniza shingoni. Elia alipovaa vyote akasimama uani, kuku walikimbia. Tulicheka sote, yeye akiwemo.

Pambano la kwanza lilikuwa Kilosa mjini, alasiri, uwanja umejaa hadi watu wamepanda mapaa. Kengele ilisikika kabla yeye hajaonekana. Elia aliingia akitembea kwa maringo, akamwaga mahindi katikati ya ulingo, akayakanyaga taratibu, moja baada ya jingine, huku akimtazama mtu wa mbele machoni. Kama shabiki nasema: sijaona adui aliyeingia vizuri hivyo. Lakini kelele za mieleka huwa na kicheko ndani yake, hata watu wakizomea, na zile za Kilosa hazikuwa nacho. Zilitoka chini, tumboni. Elia alijikwaa makusudi kwenye shuka, mchezo wake wa kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Rajabu alipomwinua na kumbwaga, wanaume wazima walisimama, mishipa ya shingo imewatoka, wakapiga kelele, "Tena! Tena!" Kondo alirudi kwenye gari akiimba. Elia alikaa nyuma ya gari dogo la mizigo, ameshika zile nywele za uzi mapajani kama mtu aliyebeba paka mgonjwa.

Tulibaki Kilosa hadi kesho yake, mimi nikitafuta vitambaa, na asubuhi nilikwenda na Elia sokoni kununua vitumbua. Bibi aliyeuza alikuwa mzee sana, na Elia, kama alivyolelewa, aliinama kidogo akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi hakujibu. Nilidhani hasikii. Elia akarudia, kwa sauti zaidi, "Shikamoo, bibi." Bibi alichukua kitambaa akavifunika vitumbua vyake. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijapata kuona mtu mzima akinyimwa marahaba hivyo. Watu huiitikia hata kwa mwizi aliyefungwa kamba.

"Bibi, mimi naitwa Elia," alisema. "Kwetu ni huko mlimani. Baba yangu ni mkulima."

"Nilikuona jana," bibi akasema. "Ukikanyaga mahindi."

Kuanzia hapo tulikwenda kila mahali tulipoitwa, na tuliitwa kila mahali. Magole ndiko nilikowaona kwanza vijana wa kifugaji. Walikuja kwa miguu kutoka mbali, wakasimama upande mmoja wa uwanja, mguu mmoja umepandishwa juu ya mwingine, wameegemea fimbo zao. Hawakuzomea. Elia alipomkaba Rajabu, wakaruka juu wote kwa pamoja, na sauti yao ya kooni ikapita juu ya vichwa vyetu kama upepo kabla ya mvua. Katika ulingo wote, katika uwanja wote, mtu pekee aliyefanana nao alikuwa yule adui, na wao walimfanya steringi wao. Upande wa pili uligeuka kuwatazama. Tangu siku hiyo kila tulipocheza palikuwa na pande mbili, na katikati palibaki mwanya ambao hakuna aliyetaka kusimama. Kondo aliuona mwanya ule akaupenda. "Sasa ni timu mbili," alisema. "Kama mpira."

Mmoja wao alikuja hadi Mikumi. Jina lake Saning'o, kijana wa rika letu, mrefu, mwenye aibu, amebeba dumu dogo la maziwa. Alisimama mlangoni mwa ua mpaka nilipomkaribisha, akakataa kigoda. Elia alikuwa amevua shati, mgongo umejaa michubuko, na Saning'o aliitazama michubuko ile kwa muda.

"Wewe si wa kwetu," akasema. "Naona unavyoshika fimbo. Unaishika kama mpini wa jembe."

Elia akacheka kidogo. "Ni kweli. Nifundishe."

Akamfundisha, palepale uani: kiganja kikae wapi, bega lilegee vipi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kila siku unapigwa. Sisi tunatembea mbali, tunaona unapigwa, tunarudi. Barabarani wanatuonyesha vidole. Siku moja shinda, hata mara moja."

Elia alikwenda kwa Kondo siku hiyo hiyo. Nilikuwa napiga pasi, nikasikia kila neno. Aliomba wabadilishe mwisho, au walirudishe jini, au waache kabisa mpaka mvua inyeshe. Kondo alimjibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Elia, wakulima wakiona yule ameshinda, wewe hutatoka uwanjani. Na wale wengine wakizoea kushinda, Rajabu hatatoka. Kwa hiyo acha kama ilivyo."

Kilangali kulikuwa na vibarua wengi wa shambani, wametoka kazini na vumbi lao. Katikati ya pambano mwanamume mmoja aliruka kamba akaingia ulingoni na mpini wa jembe. Rajabu alimkumbatia kumzuia, akidhani amelewa. Hakuwa amelewa. Alimnong'oneza Rajabu, kwa heshima kabisa, "Mshikilie tu, kaka. Nitamalizia mimi." Siku hiyo Rajabu hakula. Niliwasikia juu ya ukuta, yeye na Elia, sauti zao zimekaribiana kama za watoto wanaolala kitanda kimoja.

"Wanataka nikuue," Rajabu akasema.

"Na wewe?"

"Usinitanie, bwana. Nimeona macho yake."

Kisha Kondo akakubali mwaliko wa Rudewa.

Sijui kwa nini tulikwenda. Hamisi alijidai ana homa akabaki. Mimi nilikwenda kwa sababu ya shuka, lilikuwa limechanika begani na lilitaka kushikizwa. Na pia, nisidanganye, kwa sababu sikutaka kulikosa pambano lile. Ulingo ulisimamishwa kwenye uwanja mtupu kando ya mashamba ya zamani ya mkonge, ambako mikonge iliyosahauliwa bado ilisimama, vichwa vyake virefu vimekauka. Watu walifika mapema, wakakaa kimya. Upande huu majembe na mapanga, kama waliotoka shamba. Upande ule fimbo. Mgambo walikuwa wawili, wamekaa kivulini. Nilipitisha macho yangu kila mahali nikitafuta kitu ambacho kilikosekana, na nilichelewa kukijua. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mieleka bila watoto. Sijawahi kuiona kabla wala baada. Kina mama walikuwa wamewaacha nyumbani.

Elia alitoka na kengele. Hakumwaga mahindi. Alianza pambano polepole, akimwongoza Rajabu, akimfanya yule mbovu aonekane hodari, na kwa muda mfupi nilisahau nilipo. Lilikuwa pambano bora kuliko yote niliyopata kuona. Nikiulizwa leo nitasema hivyo hivyo. Kila pigo lilikuwa na sababu, na kila anguko lilizaa lingine. Pande zote mbili zilikuwa zimesimama. Rajabu akamwinua juu ya kichwa kwa ule mbwago wa mwisho, na pale juu nikaona mdomo wa Elia ukisema kitu. Rajabu akasita. Halafu akamshusha chini taratibu, kama mtu anayeshusha mtungi.

Elia akavua zile nywele za uzi. Akamnyang'anya Kondo kipaza sauti. "Jamani, mimi naitwa Elia," akasema. "Sina hata mbuzi. Kwetu tunalima maharage. Huyu ni Rajabu, tunakula naye sahani moja. Huu ni mchezo. Rajabu, nipige."

"Elia, acha," Kondo akasema kutoka chini.

"Nipige, waone."

Rajabu akampiga ngumi ya uso, polepole, ikapita kando ya shavu, na wakati huo huo mguu wake ukagonga mbao: pu! "Mmesikia?" Elia akasema. "Huo ni mguu. Kila mliposikia nimepigwa, ulikuwa mguu. Hakuna aliyepigwa. Rudini nyumbani. Ya shambani yazungumzeni kwa wazee, msiyalete hapa kwetu."

Watu huniambia alikuwa shujaa. Labda. Mimi ni shabiki, na nina maoni yangu: mwanamieleka haonyeshi mguu. Watu wale walikuwa wametoa uchungu wao wote mbele ya wenzao, wakalia, wakasimama, na sasa wanaambiwa walililia mbao. Mtu mmoja akacheka, kicheko cha aibu, kikakatika. Kisha sauti, sijui ya upande gani, ikasema, "Mmetufanya wajinga." Jiwe la kwanza halikuwa na upande. Yaliyofuata yalitoka pande zote, na ule mwanya wa katikati ukajaa watu, wakulima na wafugaji bega kwa bega, wanatujia. Niliona Elia akishika uso. Mara vijana watatu, Saning'o mbele, wakapanda ulingoni na fimbo zao, wakamzunguka, wakatutoa hadi kwenye gari wakizuia mawe kwa mikono. Saning'o alipomsukuma Elia ndani, alimtazama kwa hasira na huruma pamoja. "Ungeshinda tu," akasema, akafunga mlango.

Jicho halikupona. Madaktari walifanya walichoweza. Kondo alipotea siku zile zile, nikasikia baadaye yuko Morogoro anauza dawa za panya kwa kipaza sauti. Siku ile ya Rudewa hakufa mtu, na kwa muda tuliambiana kwamba Elia aliinunua amani kwa jicho lake. Ilikuwa vizuri kuliamini hilo tukiwa wodini, tunamenya machungwa. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaingia kupanda, na ng'ombe wakaonekana tena kwenye mashamba. Walipigana asubuhi, hakuna aliyewatazama. Upande wa wakulima alikufa baba mmoja na kijana wake. Upande wa pili alikufa Saning'o.

Elia alitaka kwenda kuhani misiba yote. Kwa yule baba tulipokelewa vizuri, tukapewa chai, na hakuna aliyemjua. Kwa kina Saning'o tulitembea sana, yeye na kitambaa jichoni, mimi nikimtahadharisha na mashimo ya upande asiouona. Mwanamke aliyetupokea kwenye uzio alituomba jambo moja, tusilitaje jina la marehemu, kwao si vizuri. Tulimkuta baba wa marehemu amekaa kwenye kigoda, na wazee wengine wawili.

"Shikamoo, mzee," Elia akasema, na nikamkumbuka yule bibi wa vitumbua.

"Marahaba." Mzee alimtazama kwanza jicho, kisha miguu iliyojaa matope. "Umetoka wapi?"

"Kilosa."

"Mbali. Wewe ni nani kwake?"

Elia, aliyekuwa amelitangaza jina lake mbele ya uwanja mzima, alitafuta neno, na nililiona likimkataa: si ndugu, si rafiki hasa, si jirani. Ng'ombe walikuwa wanarudi, wanapita kando yetu, na alingoja mpaka wamepita.

"Mimi nilikuwa nacheza," akasema mwishowe. "Yeye alikuwa anakuja kunitazama."

Wale wengine wawili walisemezana kwa lugha yao, mmoja akaonyesha jicho la Elia kwa kidevu. Kisha mzee akasogea kwenye kigoda chake, ambacho kilikuwa kidogo hata kwa mtu mmoja, akaacha nafasi.

"Basi kaa," akasema.